Kwa Mama Ntilie wa Ruanda

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Ruanda, huenda akakuuliza kama umekwisha kupata pasipoti. Lakini Ruanda ninayoizungumzia haimo katika nchi ya jirani. Ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye barabara inayoiacha ile ya Songea hadi Mbinga pale Kitai, ikaelekea magharibi mpaka Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Nyuma yake kuna milima ya Umatengo, yenye kahawa na maharage. Mbele yake, ukiteremka, kuna ziwa. Na chini ya ardhi yake, huko Ntunduwaro, kuna makaa ya mawe ambayo yalianza kuchimbwa kwa biashara mwaka 2011.

Kwa sababu ya makaa hayo, mgeni hawezi kupita Ruanda asikutane na malori. Penye malori pana madereva, na penye madereva wenye njaa hawakosekani akina mama wenye masufuria. Ni juu ya mama mmoja wa namna hiyo ninapotaka kuzungumza nawe, msomaji mpendwa, na juu ya swali ambalo kila msafiri hujiuliza gari linaposimama saa saba mchana mahali asipopafahamu: je, nile hapa, au nivumilie mpaka mwisho wa safari?

Wifi yangu, niliyesafiri naye kwenda Lituhi kumjulia hali shangazi yao, alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo kabla hatujatoka Mbinga mjini. Alibeba mkate, mayai sita ya kuchemsha na chupa mbili za maji. “Wifi,” aliniambia, “tumbo langu silikabidhi kwa mtu nisiyemjua.” Sikumlaumu. Kila mama aliyewahi kusafiri na mtoto mwenye tumbo la kuendesha ndani ya basi anayaelewa maneno hayo.

Hata hivyo, nina maoni yangu juu ya mkate wa safari. Mkate wa Mbinga una ladha ileile ya mkate wa Morogoro. Hali kadhalika zile hoteli za mjini zenye ubao wa vyakula mlangoni: toka Mwanza hadi Mtwara ni chipsi kuku, chipsi mayai, wali kuku. Ni chakula kizuri, sikatai, lakini hakikuambii uko wapi. Mtu anaweza kuizunguka Tanzania nzima akila hivyo, akarudi nyumbani bila kujua wenzake wa Ruvuma wanakula nini.

Basi lilipopiga breki Ruanda na utingo akatangaza nusu saa ya chakula, niliteremka. Wifi aliteremka pia, mayai yake mkononi, ili anilinde.

Kibanda cha bati na benchi tatu

Jina “mama ntilie” lilitokana na wateja wenyewe, waliokuwa wakisogeza sahani na kusema, mama, nitilie. Siku hizi wengi hupenda kusema “mama lishe”, kwa kuwa jina la kwanza waliliona kama la dharau. Mama yule wa Ruanda nilipomwuliza anapenda aitwe vipi, alicheka, akasema wamwite wanavyotaka, mradi walipe.

Kibanda chake kilikuwa na paa la bati, nguzo za miti, na benchi tatu kuzunguka meza ndefu iliyofunikwa plastiki ya maua. Hapakuwa na ubao wa vyakula. Orodha ilikuwa kichwani mwake, naye aliitoa bila kupumua: “Karibuni, mama zangu. Ugali wa mahindi upo, wa muhogo upo. Maharage yapo, dagaa wapo, mbasa yupo wa kuchemsha, majani ya maboga yapo.”

Kabla ya kukaa niliangalia mambo machache, nayo yanafaa kutajwa kwa faida ya wasafiri. Niliangalia kama chakula kinatoa mvuke. Kilichopoa juu ya meza tangu asubuhi ndicho chenye hatari. Niliangalia maji ya kunawa: yalikuwa ya moto, katika birika, na kipande cha sabuni pembeni. Niliangalia sahani zinaoshewa wapi, na kama maji hubadilishwa. Zaidi ya yote niliangalia nani anakula. Madereva saba wa malori walikuwa wamejaza benchi mbili, na dereva anayepita njia moja kila wiki hawezi kuruhusu tumbo lake limharibie kazi. Ushahidi wao ulinitosha.

Wifi yangu hakutosheka. Alisogea jikoni. “Samehe, mama, huyu samaki ni wa lini?”

“Wa leo alfajiri, dada. Kijana wa pikipiki kamleta toka Lituhi. Njoo umwone mwenyewe.” Mama alifunua ndoo walimokuwa samaki wawili wasiopikwa bado, akamshika mmoja kichwani, akaligeuza jicho lake upande wa wifi. Lilikuwa jeupe na linang’aa, na mashavu ndani yalikuwa mekundu. Wifi aliinama, akanusa, akanyamaza. Kisha akanawa mikono. Mayai yalibaki katika mfuko.

Tuliagiza ugali wa aina zote mbili, maharage, majani ya maboga, na vipande viwili vya mbasa. Tuliinamisha vichwa, tukashukuru, tukaanza.

Maharage ya milimani

Maharage yale sikuyategemea. Yalikuwa mazito, yamechemshwa polepole mpaka mchuzi wake umekuwa kama uji, yakatiwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo tu ya alizeti. Niliuliza yametoka wapi, akaonyesha kwa kidole upande tulikotoka: Umatengoni.

Huenda msomaji hajawahi kuona mashamba ya Wamatengo, na ni hasara, maana yana sifa hata katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Katika miteremko mikali, ambako mkulima mwingine angeogopa hata kusimama, wao hulima kwa mashimo yaitwayo ngolo. Mwisho wa masika nyasi hufyekwa na kupangwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Hiyo kwa desturi ni kazi ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunikia nyasi zile, wakapanda maharage juu ya kingo. Ukitazama kutoka ng’ambo, mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Mvua inaponyesha maji hutulia ndani ya mashimo badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Maharage yakivunwa, mahindi hufuata kwenye kingo zilezile mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza.

Wazee husimulia kwamba kilimo hicho kilishamiri katika karne ya 19, pale Wamatengo walipokimbilia milimani kujiepusha na mashambulizi ya Wangoni. Watu waliosongamana katika eneo dogo lenye miteremko walilazimika kuitunza ardhi yao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani wamekwenda kujifunza kwao. Jembe linalochimba mashimo hayo, kama nilivyosema, liko zaidi mikononi mwa wanawake. Nayajua maumivu ya mgongo ya jembe la tambarare. La mlimani silijui, na sitaki kulijua.

Kitu kimoja cha Umatengo hakikuwepo mezani: kahawa. Mbinga hukuza kahawa ya arabika inayosifiwa na wanunuzi wa Ulaya, lakini sisi tuliteremshia kwa chai. Mama alisema madereva hawaitaki.

Sahani iliyotoka mbali kuliko sisi

Yafaa nifafanue jambo moja ambalo hutatiza watu wanapozungumza juu ya “chakula cha asili”. Sahani ile ilikuwa ya Ruanda kabisa; hakuna angeweza kuniambia vingine. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vilivyomo ndani yake ina babu zake ng’ambo ya bahari ya Atlantiki. Mahindi yalilimwa kwanza kusini mwa Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi za porini. Maharage ya aina hii, maboga, nyanya na pilipili ni vya huko Amerika pia. Muhogo ni wa Amerika ya Kusini, na alizeti ni ya Amerika ya Kaskazini. Mahindi na muhogo vililetwa pwani zetu na mabaharia wa Kireno kuanzia karne ya 16, vikapanda bara taratibu kwa mikono ya watu. Leo ndivyo vinavyotulisha.

Huko Mexico kwenyewe, msafiri anayetaka chakula halisi cha wenyeji huambiwa aiache mikahawa ya watalii na kutafuta fonda. Fonda ni chumba kidogo, aghalabu cha mama mmoja na jamaa zake, chenye meza chache, ambamo chakula cha mchana cha siku hiyo kimekwisha kupikwa. Anayechelewa hukuta sufuria tupu. Kwa hiyo mama ntilie wanaye. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliyaingiza mapishi ya asili ya Mexico katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na likawataja kwa heshima wanawake wapishi wa jimbo la Michoacán. Mama ntilie wetu, kwa kadiri nijuavyo, hajaingizwa katika orodha yoyote isipokuwa ile ya ushuru.

Wanawake hao wa Mexico wana ujuzi mmoja unaotuhusu sisi walaji wa ugali. Kabla ya kusaga mahindi huyachemsha kwa maji yenye chokaa, wakayaacha yalale humo usiku. Chokaa hiyo huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa na mwili hauwezi kuipata. Wazungu waliochukua mbegu walikwenda nazo kwao bila kuuliza akina mama wanayapikaje. Matokeo yake, maskini waliokula mahindi karibu peke yake, kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, walishikwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi kupasuka, kuharisha, na hatimaye kuchanganyikiwa akili. Maelfu walikufa.

Sisi pia hatutii chokaa, na sembe yetu nyeupe iliyokobolewa ina upungufu zaidi kuliko dona. Kinachotuokoa ni kile kinachokaa pembeni ya ugali: maharage, dagaa, samaki. Ndiyo maana swali la mtoto, “Mama, leo mboga gani?”, si la ulafi. Na ndiyo maana habari ya samaki wa mama yule iliniingia moyoni.

Mbasa na hesabu yake

Mbasa ni samaki mrefu mwenye rangi ya fedha, anayefanana kidogo na wale samaki wa Ulaya wanaopanda mito. Tabia yake ndiyo hiyo hasa: huishi ziwani, lakini wakati wa kutaga hupanda mito, na Ruhuhu, unaoingia ziwani karibu na Lituhi, ni mmojawapo wa mito yake. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na mafuta yake humfanya asihitaji mengine. Mama alikuwa amempika chukuchuku: maji, chumvi, nyanya, kitunguu, ndimu. Ana miiba mingi, na ukila haraka utajuta. Nilimla kwa ugali wa muhogo, kama watu wa ufukoni wanavyofanya. Ugali huo huvutika, una rangi ya kijivu na uchachu kidogo, kwa maana muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa ili sumu yake itoke ndipo uanikwe na kutwangwa. Kwa samaki wa mchuzi, sembe haifui dafu mbele yake.

“Zamani,” mama alituambia, akiwa ameketi sasa kwenye ukingo wa benchi kwa kuwa madereva walikuwa wamekwisha kula, “mbasa mmoja nilimkata vipande vinne. Sasa namkata sita. Bei ya samaki inapanda, lakini bei ya sahani siwezi kuipandisha, hawa watoto wataniacha waende kwa mwenzangu.”

“Kwa nini wamepungua?” nikamwuliza.

“Wanawatega mtoni, wakati wanapanda na mayai.”

Alikuwa amesema kwa maneno machache yale ambayo wataalamu wa uvuvi wamekuwa wakiyaandika kwa muda mrefu. Samaki anayepita mlango mmoja wa mto kila mwaka ni rahisi kumvizia kwa nyavu, na akivuliwa kabla ya kutaga umemvua yeye na wanawe. Mashamba yanayolimwa mpaka kingoni nayo hujaza tope mahali pa kutagia. Mbasa leo ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Ziwa lenyewe lina mamia ya aina za samaki, na hakuna ziwa lingine duniani linalolishinda kwa wingi wa aina. Lakini mteja wa Ruanda haombi mamia. Anaomba mbasa, magege au dagaa.

Dagaa ndio wanaomwokoa mama wiki samaki wakubwa wanapokosekana. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, wakaanikwa na akina mama juani kando ya ziwa, na hukaa muda mrefu bila barafu. Kwake hupikwa na nyanya na pilipili. Wifi, ambaye sasa alikuwa ameisahau kabisa hofu yake, aliomba aonjeshwe. Alionjeshwa, akaagiza sahani.

Mabati na benchi vilinunuliwa kwa mkopo wa VICOBA. Wako akina mama kadhaa katika kikundi chake. Kila wiki hununua hisa, na mwenye shida hukopa. Mkopo ule alikuwa ameumaliza, na wa pili alikuwa akiulipa kwa ada ya binti yake wa sekondari. Faida ya siku, alisema, huijua jioni baada ya kutoa unga, kuni, samaki na wale waliokula kwa kuandikisha. Daftari la wadeni lilining’inia msumarini kwa kamba. Majina yake yalikuwa ya malori: hakuandika mtu, aliandika namba ya gari.

Kuni kando ya makaa

Tukiwa pale, malori matatu yalipita yakiwa yamesheheni makaa ya mawe, na vumbi lake jeusi likatua juu ya kawa za sufuria. Makaa ya Ruanda huenda kuwasha tanuri za viwanda vya saruji nchini na nje ya nchi. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga matatu, akipuliza kuni mbichi, macho yanamtoka machozi.

Nilimwuliza kama hajawahi kufikiria kupikia makaa hayo, maana yako mlangoni pake. Alinitazama kama mtu asiyejua kitu. Makaa ghafi ya mawe hayafai chini ya sufuria ya wazi. Moshi wake una sumu na harufu mbaya. Yanapaswa kutengenezwa kwanza. Shirika la madini la taifa, STAMICO, limeanza kutengeneza vitofali vya makaa ya mawe vya kupikia, vinavyoitwa Rafiki, na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Gesi mama anaijua. Mtungi mdogo anao nyumbani, wa chai ya asubuhi. Kwa kuchemsha maharage ya watu arobaini, alisema, mtungi ungekwisha kabla ya wiki.

Alikohoa kidogo alipokuwa akisema hayo. Amepika hapo tangu malori yalipoanza kupita kwa wingi.

Utingo alipiga honi. Tulilipa, na bei ya sahani zetu zote pamoja, na ile ya dagaa ya wifi, haikufikia bei ya chipsi kuku mbili za mjini. Wifi aliongeza kitu kidogo, mama akakataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba tuchukue kipande cha ugali wa muhogo na dagaa katika karatasi tumpelekee shangazi. Mayai tulimwachia binti yake mdogo aliyekuwa akiosha sahani.

Tulipokuwa tunapanda basi, mama alikuwa ameshika simu akizungumza na kijana wa pikipiki juu ya samaki wa kesho. Tulisikia akipunguza oda: wawili badala ya watatu, na kama hakuna mbasa, basi debe la dagaa.